Maji Yanaingia Ndani ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni nadra mtu kugundua kuwa gari lake linavuja siku linapoanza kuvuja. Hugundua wiki kadhaa baadaye, tena kwa pua: kwanza harufu kama ya nguo zilizokunjwa mbichi, kisha vioo vinafunga ukungu kila asubuhi, kisha siku moja anavua kiatu na soksi inalowa. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayofuata. Mengi yana jibu moja lenye sura nyingi: tafuta maji yanapoingilia kabla hujashika gundi.

Kapeti la mbele limelowa. Nianzie wapi?

Anza na maji yenyewe. Bonyeza karatasi nyeupe ya tishu kwenye kapeti, itazame rangi, inuse, kisha sugua unyevu kati ya vidole viwili.

Maji ya mvua huja na vumbi, na yakikauka huacha mstari wa udongo. Maji ya kiyoyozi ni meupe, hayana harufu, na yatakushangaza kwa kuonekana hata wakati wa kiangazi kikavu. Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, huwa na rangi (kijani, pinki, bluu au machungwa), huteleza kama yana mafuta na hunukia utamutamu. Yakinuka sabuni, tazama mpira unaopeleka maji ya waipa ya nyuma, maana katika magari mengi yenye mlango mkubwa wa nyuma mpira huo hupita ndani kwa ndani hadi juu.

Kisha jiulize yalikuja lini. Baada ya mvua? Baada ya kuosha gari? Baada ya safari ndefu kiyoyozi kikiwa kimewashwa? Au ni pale tu gari linapoegeshwa kwenye mteremko? Jibu la swali hili peke yake huondoa nusu ya washukiwa.

Maji yametuama kwa abiria wa nyuma, lakini huku nyuma hakuna hata dalili ya tundu. Inawezekanaje?

Inawezekana sana. Maji yakishaingia hayadondoki wima. Hutambaa juu ya bati, hufuata nyaya kama sisimizi wanaofuata kamba, huteremka ndani ya nguzo za kioo, hupita chini ya kapeti na kutuama penye bonde. Ukifunga breki yanakimbilia mbele, ukikanyaga mafuta yanarudi nyuma. Pale palipolowa ndipo maji yalipochoka kutembea, na mahali yalipoingilia panaweza kuwa mita mbili kutoka hapo, na karibu kila mara pako juu zaidi.

Ukisikia maji yakisukasuka kwenye kona au unapofunga breki, hayo yamenaswa ndani ya mlango au kwenye boksi la bati lililo chini ya milango. Sehemu hizo zina matundu ya kutolea maji, ila yamezibwa na matope.

Hakujanyesha kwa mwezi mzima na bado kapeti limelowa. Yanatoka wapi?

Mshukiwa wa kwanza ni kiyoyozi. Ndani ya dashibodi kuna kipozeo cha bati jembamba la alumini. Hewa yenye unyevu ikikigusa, unyevu hugeuka matone, matone hudondokea kwenye sinia, na sinia hutoa maji nje kwa bomba dogo la mpira. Ndiyo maana gari zima lisilo na tatizo lolote huacha kidimbwi kidogo chini yake siku ya joto. Ukiona umewasha kiyoyozi saa nzima katika hali ya hewa yenye unyevu na chini ya gari pakavu kabisa, bomba hilo limeziba kwa vumbi, majani au kiota cha mdudu, na sinia inafurikia ndani.

Bomba hutokeza kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria, au chini ya sakafu karibu nao. Likifikika, pitisha waya laini taratibu au vuta uchafu kwa mashine ya kunyonya vumbi yenye uwezo wa kunyonya maji. Usichome kwa nguvu: mbele kidogo kuna kile kipozeo chembamba, na ukikitoboa umebadilisha kazi ya dakika kumi kuwa kazi ya kufungua dashibodi nzima. Usishangae pia ukimwagikiwa mkononi na maji mengi kwa mpigo.

Ni kulanti. Je, naweza kuendelea kuendesha?

Kwa muda mfupi, ukiwa unakagua kiwango chake kila mara injini ikiwa imepoa. Kinachovuja kwa kawaida ni rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi, au klipu ya mpira unaoingia humo. Dalili nyingine ni utando wa mafuta unaorudi kwenye kioo cha mbele kila ukikifuta. Hatari ni mbili. Kwanza, kulanti ikiisha injini inachemka. Pili, dawa nyingi za kulanti zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu ambayo watoto na wanyama huilamba bila kusita. Kapeti lililolowa kulanti lioshwe kwa maji mengi. Halikauki vizuri lenyewe.

Mafundi wengi huunganisha mipira miwili ya hita upande wa injini ili kuiruka rejeta hiyo. Ni tiba ya muda inayokubalika, lakini utapoteza joto la ndani na la kufuta ukungu kwenye kioo. Dawa za kumimina ili kuziba tundu mimi siziamini: hazijui kutofautisha tundu bovu na njia nyembamba nzima.

Maji ya mvua huingilia wapi zaidi?

Kuna sehemu tatu ambazo ningezikagua kabla ya kitu kingine chochote.

Ya kwanza iko chini ya waipa. Ile plastiki nyeusi kati ya boneti na kioo hufunika mfereji unaopokea maji yote ya kioo cha mbele. Mfereji una matundu ya kutolea maji pembeni, na hapo hapo ndipo gari linapovutia hewa ya feni ya ndani. Ukiegesha chini ya mti, majani hujaa humo, huoza, hugeuka udongo, na siku moja mvua kubwa inajaza mfereji kama beseni hadi maji yanapita kwenye njia ya hewa. Dalili yake: kichujio cha hewa ya ndani kimelowa, au feni inatoa sauti ya kukoroga maji. Dawa ni mkono, brashi na ndoo ya maji. Huhitaji kununua chochote, na ningesema nusu saa hii ndiyo yenye faida kuliko zote.

Ya pili ni sanrufu, yaani dirisha la paani. Watu hudhani raba yake ndiyo inayozuia maji yasiingie. Si kweli. Raba hupunguza tu. Maji yanayopita hupokelewa na mfereji wa kuzunguka dirisha na kuteremshwa kwa mipira myembamba, kwa kawaida minne, miwili ikipita kwenye nguzo za mbele na miwili kwenye nguzo za nyuma. Mmoja ukiziba au ukichomoka, paa linachora doa karibu na taa ya ndani au maji yanatiririka kwenye nguzo hadi miguuni. Fungua dirisha, mimina kikombe kimoja cha maji kwenye kila kona, uangalie kama yanatoka chini ya gari. Kona isiyotoa ina tatizo. Izibue kwa uzi mnene wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi. Hewa ya kompresa iache: presha yake huchomoa mpira mahali usipopafikia, na hapo ndipo utakapojuta.

Ya tatu ni mlango. Kioo cha mlango kinapopanda na kushuka, maji hupita pembeni mwake kuingia ndani ya mlango. Hilo ni la kawaida, limepangwa hivyo kiwandani, na matundu ya chini ya mlango ndiyo njia ya kutoka. Kinachoyazuia yasiingie kwa abiria ni karatasi ya plastiki au sponji iliyobandikwa nyuma ya jalada la ndani la mlango. Yeyote aliyewahi kufungua jalada hilo ili kufunga spika au kurekebisha mota ya kioo huenda aliipasua, au aliirudisha bila kuibandika. Kapeti lililolowa karibu na kizingiti cha mlango, huku dashibodi ikiwa kavu, linaelekeza hapo. Karatasi hubandikwa upya kwa gundi nyeusi ya butili, ile inayobaki laini daima. Ukiwa hapo, zibua matundu ya chini kwa njiti.

Fundi anasema tupake silikoni kuzunguka kioo chote tumalize. Nimkubalie?

Hapana. Hapa nazungumza kama mtu aliyewahi kufanya kosa hilo. Gari langu lilikuwa likilowa upande wa dereva, nikapaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele mara mbili, kila mara nikijipongeza hadi mvua iliyofuata. Mwishowe nilifungua mlango nikakuta ile karatasi ya plastiki imekatwa kwa kisu na mtu aliyefunga spika miezi mingi nyuma. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Silikoni ilinichukua siku nzima kuibandua.

Sababu si kubahatisha tu. Silikoni za kawaida, hasa zile zinazonukia siki zikiwa mbichi, hutoa asidi inayochochea kutu kwenye bati. Zaidi ya hayo, mabaki yake huzuia gundi halisi ya kioo isishike baadaye. Mbaya kuliko yote, ukiziba kwa nje njia ya kutokea, maji yaliyokwisha kuingia yanabaki ndani yakila bati kimyakimya. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakumaanisha uzibe ufa wa jirani.

Nitajaribuje kwa mpira wa maji bila kudanganyika?

Kausha kwanza. Ukianza kumwaga maji kwenye gari ambalo tayari limelowa, hutajua tone jipya ni lipi. Toa mazulia madogo, fungua majalada ya plastiki ya sehemu unayoishuku ili uone bati tupu, kisha mwingize mtu ndani na tochi na umfungie milango.

Ondoa kichwa cha mpira ili maji yatiririke bila presha, kama mvua ya kawaida. Mashine ya kuoshea yenye presha usiitumie. Inasukuma maji hata kwenye raba nzima, nawe utaenda kutengeneza kisichoharibika. Anzia chini, upande juu polepole. Ukianzia paani, maji yatapita sehemu zote kwa pamoja na hutajua ni ipi iliyovuja. Ipe kila sehemu dakika tano hadi kumi, kwa kuwa maji yanahitaji muda wa kutembea. Kukosa subira ndiko kunakoharibu jaribio hili kuliko kitu kingine.

Aliye ndani akipiga kelele, simama. Kausha, kisha funika sehemu hiyo kwa tepu ya karatasi na ujaribu tena. Ikiacha kuvuja, bandua tepu kipande kwa kipande mpaka ivuje. Hapo umeshika mwizi mkononi.

Kama gari huvuja tu likiwa kwenye mteremko, lijaribu kwenye mteremko. Sehemu tambarare haitakuonyesha kitu.

Niko peke yangu, sina wa kukaa ndani. Kuna njia nyingine?

Nyunyiza poda ya mtoto kwenye bati la ndani pale unapopashuku. Maji yakipita huchora mstari kwenye poda, nawe unaufuata kurudi juu hadi chanzo.

Njia nyingine ni ya mapovu. Funga vioo na milango, washa feni ya ndani kwa kasi ya mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha upake maji ya sabuni kwa nje kwenye maungio na raba. Hewa inayotoroka hupuliza mapovu. Hewa kutoka nyuma ya bampa la nyuma isikushtue. Magari mengi yana vifuniko vya kupumulia huko. Kwa raba za milango, bana kipande cha karatasi na ufunge mlango, kisha kivute. Kikichomoka bila kukinza, raba imelala au mlango umekaa vibaya.

Kioo cha mbele kilibadilishwa karibuni, na tangu hapo kunavuja.

Basi rudi kwa aliyekiweka kabla hujagusa chochote. Kioo cha kisasa hushikwa kwa gundi ya polyurethani, nayo inahitaji fremu safi isiyo na kutu wala vumbi. Gundi ikikatika sehemu moja, au ikiwekwa juu ya kutu, maji hupita. Tengenezo sahihi ni kukitoa kioo, kusafisha fremu, kutibu kutu na kukibandika upya, kisha kuiacha gundi ishike kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji wake kabla gari halijaondoka. Hili si suala la maji tu: kioo hicho ni sehemu ya nguvu ya paa, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka.

Kwenye shimo la tairi la akiba kumejaa maji. Tena?

Buti lina njia zake. Raba za taa za nyuma huongoza orodha. Zinakauka na kupasuka, au taa ilirudishwa na mtu aliyekaza nati moja na kuisahau nyingine. Zinafuata raba ya mlango wa buti, vile vifuniko vya kupumulia nyuma ya bampa, kitako cha antena, miguu ya keria ya paani, taa ya tatu ya breki, na maungio ya bati paani ambako lakiri ya kiwandani, yaani gundi ya kuziba maungio, imepasuka. Gari lililowahi kugongwa nyuma nalishuku mara mbili, kwa kuwa baada ya kunyooshwa bati mara nyingi lakiri hairudishwi.

Ingia ndani ya buti na tochi, mwenzako amwage maji nje. Hakikisha kwanza kiti cha nyuma kimelazwa ili uweze kutoka.

Nimepata tundu na kulitengeneza. Kapeti litakauka lenyewe?

Halitakauka. Chini ya kapeti kuna sponji nene ya kuzuia kelele, nayo hunywa lita za maji na kuzishikilia. Juu patakuwa pakavu ukipapasa, chini pakiwa kinamasi. Ukiegesha gari juani vioo vikiwa vimefungwa, maji yatapanda kama mvuke, yatagusa paa, na usiku yatarudi yalikotoka.

Nyonya kwanza kwa mashine ya maji, au tandika taulo na usimame juu yake, ulibadilishe mpaka liache kulowa. Kisha kapeti linyanyuliwe. Mara nyingi hilo linamaanisha kutoa viti, na chini ya viti kuna nyaya za mifuko ya hewa, kwa kawaida zenye soketi za manjano. Toa waya hasi wa betri, subiri dakika kumi na zaidi, ndipo uchomoe soketi. Usiwashe swichi ya gari viti vikiwa nje, la sivyo taa ya mifuko ya hewa itabaki inawaka hadi ifutwe kwa mashine ya kupimia.

Inua kapeti kwa vipande vya mbao, elekeza feni chini yake, acha milango wazi. Hesabu siku, usihesabu saa. Sponji iliyokwisha kuota ukungu mweusi na kunuka ningeitupa na kuweka nyingine. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo hayajawahi kuua ukungu. Kwa bati na plastiki, siki iliyochanganywa na maji inatosha, ukiwa umevaa barakoa. Usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, gesi yake ni ya hatari.

Taa za dashibodi zinawaka ovyo, na vioo vinashuka vyenyewe. Ni maji?

Yawezekana kabisa. Watengenezaji wengi huweka boksi za kontroli na maungio ya nyaya chini ya kapeti au chini ya viti, mahali pale pale maji yanapotuama. Toa betri kwanza, kisha fungua soketi moja moja ukitafuta unga wa kijani kwenye pini. Safisha kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia viunganishi vya umeme na kausha kabla ya kurudisha. Kununua boksi jipya kabla hujaziba njia ya maji ni kulitia jipya katika kaburi la la zamani.

Kapeti ni kavu kabisa lakini vioo vinafunga ukungu kwa ndani kila asubuhi.

Tazama kama umeacha swichi ya kuzungusha hewa ya ndani ikiwa imewashwa; ikibaki hivyo, unyevu wa pumzi zenu hauna pa kutokea. Badilisha kichujio cha hewa. Kama bado, ingiza mkono chini ya kapeti, si juu yake, na ukague shimo la tairi la akiba.

Naweza kutoboa sakafu maji yawe yanatoka?

Usitoboe. Tayari kuna vizibo vya mpira kwenye sakafu. Chomoa kimoja maji yatoke, kisha ukirudishe. Kikiachwa wazi ndicho kitakachokuingizia maji ukipita kwenye dimbwi.

Gari lilizama kwenye mafuriko. Hatua ni hizi hizi?

Sivyo. Usijaribu kuliwasha. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, injini inaweza kupinda fimbo zake kwa mzunguko mmoja tu. Toa betri, livutwe, likaguliwe injini, giaboksi na mfumo wa breki kabla ya kufikiria kapeti. Kama ni maji ya chumvi, kutu ya nyaya haitasubiri.

Nataka kununua gari lililotumika. Nitajuaje kama lilikuwa linavuja?

Fika siku ambayo muuzaji hajaliosha, ikiwezekana baada ya mvua. Nusa kabla kiyoyozi hakijawashwa. Inua zulia la buti na utoe tairi la akiba. Chutama uangalie bolti za viti: kutu ya chungwa hapo haiji kwa bahati mbaya. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake kabisa, maana sehemu ya ndani haioshwi na mtu, na doa la maji hubaki pale. Kisha ingiza vidole chini ya kapeti, pembeni mwa kizingiti cha mlango, na ubonyeze kwa nguvu. Vidole vikitoka na unyevu, rudisha funguo mezani au teremsha bei kiasi cha kulipia kazi yote iliyoelezwa hapo juu.